Kitambaa Cheupe Chini ya Dirisha

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na hata bustani anaipanga kama anayekata gauni. Wenzake wanatafuta jembe. Yeye alitandaza mabaki ya vitambaa mbele ya nyumba yake, akavibana kwa vijiwe, kila kipande na mmea wake. Cha kijani mlenda, chekundu mshubiri, cha madoadoa mnavu. Anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anasogeza kidogo.

"Mnavu? Mlenda?" nikamwambia. "Watu wanang'oa, wewe unapanda!"

"Ndiyo mimea iliyoota hapa kabla yetu, dada. Haitaki kubembelezwa."

Akacheka. Akicheka watu wanampenda bure. Mimi nikinuna naambiwa nina roho mbaya.

Sasa nisikilizeni. Tangu baba afariki, mama alikuwa akiishi peke yake, na magoti yamemchosha. Alikubali kuja kukaa na mmoja wetu, ila atachagua mwenyewe akifika. Achague nini? Mimi ndiye kifungua mimba! Huyo fundi nimembeba mgongoni. Lakini yeye akipiga chafya mama anakimbia, mimi nikianguka naambiwa, "Inuka, wewe mkubwa." Roho inaniuma mpaka leo, sifichi.

Chini ya dirisha la chumba alichomtengea mama kulikuwa na kitambaa cheupe.

"Hiki cha mmea gani?"

"Sijui. Hapo atajua mama."

"Makubwa! Fundi gani anaacha tundu katikati ya gauni?"

Nikaenda zangu dukani. Nauza vifaa vya ujenzi, na safari hii nilijiuzia mwenyewe vigae vinavyong'aa. Nikamwambia fundi wa vigae: kuanzia getini mpaka ukutani, pasibaki hata ufa wa kuotea jani. Mama asikanyage tope kwangu.

Mama akaja, kwangu kwanza, kama inavyostahili. Akavua viatu getini kwa kuogopa kuchafua. Kichwa kikanivimba.

"Pazuri, mwanangu. Hongera."

Kisha akafungua kitambaa kilicholowa maji alichokuwa amekikumbatia njia nzima. Ndani mlikuwa na kivumbasi na udongo wake: kile cha mlangoni kwetu, ambacho baba alikipitishia mkono kila alipotoka, anukie.

"Nikipande wapi?"

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Vigae.

"Nitakununulia chungu, mama."

"Haya," akasema kwa upole. Bora angenitukana. Akavaa viatu vyake.

Tulipofika kwa mdogo wangu hakuuliza. Alikiona kitambaa cheupe, akakiondoa, akainama na magoti yake hayo hayo mabovu. Wakachimba wawili wakicheka. Nilisimama na mkoba wa mama mkononi, hakuna aliyenipokea. Baadaye mama akaja kuuchukua mwenyewe, akaupeleka kwenye chumba chenye dirisha lile.

Kesho yake nikampigia fundi wa vigae. "Njoo ubandue mstari wote chini ya dirisha langu."

"Si ulisema pasibaki hata ufa, bosi?"

"Wewe bandua!"

Nikaenda kwa mdogo wangu kuomba mbegu ya kivumbasi. Mama akanikatia tawi, akalifunga kwenye kile kitambaa cheupe, akanishika mkono. "Nikipata nguvu nitakuja kulitazama, mwanangu."

Nikalipima kwa jicho na lile shina lililobaki chini ya dirisha la mdogo wangu. La kwake kubwa.