Kifua cha Nyakio

Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua milango, Joan alikuwa amekwisha kufua shuka moja na kuianika ndani, chumbani mwa watoto, kwenye kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati. Nje ilikuwepo kamba nzuri ya wapangaji wote sita, ndefu, yenye jua. Lakini kamba ya ploti ni kama gazeti, kila anayepita huisoma, na Joan hakutaka binti yake asomwe.

Binti mwenyewe ni Nyakio, mtoto wake wa pili, mwenye miaka kumi na bado akikojoa kitandani. Si kila siku. Zilikuwepo wiki ambazo shuka iliamka kavu siku nne, siku tano, mama akaanza kumshukuru Mungu kimyakimya, kisha siku ya sita mtoto akaja jikoni ameinamisha kichwa na hakuna aliyehitaji kuuliza. Walikwenda kliniki. Daktari akampima, akasema hana ugonjwa wowote, wapo wanaochelewa kuacha, asichapwe wala asichekwe. Mbugua, mumewe Joan, anayeendesha lori la maziwa, alisema hayohayo kwa neno moja: "Ataacha." Joan aliwasikia wote wawili, na hakuna aliyemtuliza. Hakuogopa godoro kulowa. Aliogopa watu kujua.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka minane, kwao Elburgon, mama yake alimtwika godoro lake kichwani, bado likiwa bichi, akamtembeza barabarani mpaka lango la kiwanda cha mbao na kumrudisha. Watoto walimfuata wakipiga makofi. Wanaume waliokuwa wakipakia mbao waliweka mizigo chini ili watazame vizuri. Ilikuwa mara moja tu. Mama yake hakurudia, na kwa miaka thelathini na mitano hakuna kati yao aliyelitaja jambo hilo. Joan alikua, akasoma, akaolewa Nakuru, akafungua kibanda cha kufuma sweta za shule, akampa binti yake wa pili jina la mama yake kama desturi inavyotaka. Alimpenda mama yake, na hilo halikuwa la kuigiza. Lakini habari ya shuka hakuwahi kumwambia.

Agosti shule zilipofungwa, Karanja, kaka yake Joan, akasema anawapeleka watoto wake wawili kwa Shosho, nyanya yao, Elburgon wiki tatu. Nyakio akasikia.

"Mami, Quincy anaenda. Linah anaenda, na hajafika hata miaka saba."

"Wewe utaenda siku nyingine."

"Siku gani?"

Joan alikuwa na sweta tatu za shule za kumaliza kabla ya muhula, na mashine ilikuwa ikivuta uzi vibaya. Alijifanya anaangalia uzi.

"Hata mimi ni mjukuu wake," Nyakio akasema. "Na ni mimi niko na jina lake."

Joan akaurudisha uzi kwenye mashine. Akafikiri usiku na mchana, na alipomaliza kufikiri alikuwa ametengeneza uongo. Akampigia mama yake simu.

"Maitu, Nyakio atakuja, lakini ana kifua. Usimlaze na wenzake. Mpatie godoro lake peke yake."

"Kifua? Tangu lini?"

"Tangu hii baridi ianze."

"Mlete," mama yake akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa kazi anayoijua.

Nyakio alifungashiwa shuka tatu na karatasi ya nailoni ya kutandika juu ya godoro. Akafundishwa kuamka kabla ya wengine, kuficha shuka iliyolowa chini ya kitanda, na kuifua wenzake wakienda kucheza. "Na Shosho akikuuliza, wewe una kifua. Kohoa kidogo nione."

Nyakio akakohoa. Alikohoa kama mzee wa kanisa anayetaka watu wanyamaze, wakacheka wote wawili. Kisha mtoto akauliza, "Kwani Shosho ni mkali?"

"Hapana. Shosho si mkali."

"Basi tunamficha nini?"

"Panga nguo zako," Joan akasema.

Siku ya tatu baada ya watoto kwenda, mama yake alipiga simu akiwa na furaha tele. Kifua hicho, alisema, atakimaliza yeye mwenyewe, madaktari wa Nakuru wapumzike. Kila jioni anampa Nyakio vikombe vitatu vya chai ya maziwa, moto, na tangawizi ndani, ndipo mtoto alale.

Joan alisimama katikati ya kibanda chake na sweta mkononi. Nyumbani Nyakio hanywi kitu baada ya saa kumi na moja.

"Maitu, chai nyingi hivyo si nzuri kwa kifua."

"Nani amekudanganya? Wewe umekuzwa na nini, si chai?"

"Nasema tu kwamba..."

"Huku ni Elburgon, Joan. Huku mtoto asipokunywa kitu moto anaganda."

Ukweli ulikuwa pale ulimini, maneno machache tu. Joan hakuyasema. Alimaliza maneno mengine yote, akauliza habari za mahindi, za ng'ombe, za jirani aliyevunjika mguu, akakata simu na kukaa kwenye stuli. Alijiona amemfunga mtoto wake mwenyewe kamba. Vikombe vitatu! Akamwona Nyakio akivimeza kimoja baada ya kingine kwa adabu, kwa sababu mama yake alimwambia kwamba ana kifua.

Alhamisi simu ikaja tena. Safari hii mama yake hakuwa na furaha wala hasira.

"Jumamosi uje."

"Kuna nini?"

"Si neno la simu."

"Nipe Nyakio nimsalimie."

"Ako nje na wenzake. Uje."

Siku hizo mbili Joan alifuma mikono ya sweta ikatoka mmoja mrefu kuliko mwenzake, akafumua, akafuma tena. Kila alipofumba macho aliona barabara ileile ya kiwandani, na anayetembea si yeye. Ni Nyakio, na godoro limemfunika uso. Mambo ya mtoto yana njia ya kufufua mambo ya mama. Unadhani umeyazika, kumbe uliyafunika kwa majani tu. Mbugua alipomwona anatayarisha mfuko mtupu wa kurudi na nguo za Nyakio, akamuuliza kama kuna mgonjwa. Akajibu hakuna, anaenda kumchukua mtoto tu.

Jumamosi alifika Elburgon kabla ya saa sita. Jua lilikuwa limepata nafasi kati ya mawingu ya msitu wa Mau, na harufu ya mbao mbichi ilikuwa pale pale alipoiacha. Akapanda njia ya kwenda kwao kwa miguu. Alipotokea kwenye kona aliuona ua wa mama yake, ule wa mabanzi ya msonobari, na juu ya ua, likiangalia barabara, godoro dogo. Doa lake lilikuwa bado lina ukingo wa maji.

Akasema kwa sauti, peke yake njiani, "Amefanya tena."

Akaenda mbio. Alipokaribia lango ndipo akaona kwamba pembeni ya lile godoro lilikuwepo jingine. Na la tatu, hatua chache mbele. Na mbele ya mlango wa nyumba, juu ya benchi mbili zilizounganishwa, limelazwa godoro kubwa la inchi sita la mama yake mwenyewe. Watoto watatu walikuwa wakiyapiga kwa fimbo, vumbi likiruka. Nyakio alikuwa katikati yao, amejifunga leso kiunoni, akimwambia Linah apige chini, chini, si juu.

Kijana wa bodaboda akapita akapunguza mwendo. "Shosho, niaje! Leo bei imeshuka? Kila siku naona unaanika stoku na hauuzi!"

Mama yake Joan akatokea jikoni na kisu cha viazi mkononi. "Mwambie mama yako aje nimpimie. Wewe siwezi kukuuzia, wewe endelea kulalia maranda ya kiwanda!"

Kijana akaondoka akicheka. Hapo ndipo mama alipomwona bintiye langoni. "Umesimama hapo kama mdai. Ingia."

Nyakio akaja mbio, akamkumbatia kiunoni, kisha akarudi nyuma akamtazama usoni. "Mami, umekuja kunichukua?"

"Nimekuja... ngoja kwanza nisalimie Shosho."

Jikoni mama yake alimpa stuli na kisu, wakaanza kumenya viazi pamoja. Mama yake alimenya viwili kabla ya kusema.

"Sasa niambie, Joan. Kifua cha mtoto wako kinakaa huku chini?" Akaelekeza kwa kisu.

Joan akatazama ganda lililokuwa likimning'inia mkononi.

"Siku ya tano alinirudishia kikombe kikiwa kimejaa. Akaniambia, Shosho, mimi sina kifua. Mimi nakojoa. Mami amesema usijue." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Akasimama hapo ulipoketi, anangojea. Na mimi nimempa chai vikombe vitatu, siku nne! Ungemwua."

"Nilitaka kukuambia."

"Hukutaka. Na ninajua kwa nini."

Nje Quincy alikuwa akipiga kelele juu ya kitu fulani, Linah akibisha.

"Nikasema lile godoro lazima lione jua," mama akaendelea. "Lakini likitoka peke yake, Quincy ana mdomo. Basi nikatoa yote. Langu pia. Kila asubuhi, lililolowa na lisilolowa, na shuka zote kwa beseni. Quincy akauliza kwa nini, nikamwambia kuna kunguni. Sasa anawatafuta na tochi. Hajaona hata mmoja na ameapa hatarudi kwao mpaka amshike."

Joan alitaka kucheka, lakini kilichomtoka hakikuwa kicheko kizima. Akaweka kisu chini.

"Mimi ulinitembeza."

"Nilikutembeza."

Alisema hivyo bila kuinua macho na bila kuongeza neno, na Joan akadhani ndiyo basi, hilo ndilo atakalopata, na pengine lingetosha. Lakini mama yake alifuta mikono kwa aproni.

"Nyanya yako, mama ya baba yako, alikuwa amekaa pale uani siku hiyo. Alikuwa amekuja wiki nzima. Akasema msichana anayekojoa ametoka upande wangu, kwao hawana hiyo. Alisema mbele ya watu. Nikataka aone kwamba mimi si mtu wa kulea uchafu." Akachukua kisu tena. "Na hakuwa amesema uongo. Mimi niliacha nikiwa na miaka kumi na tatu."

"Wewe?"

"Kumi na tatu na nusu. Mama yangu alikuwa ananificha kama vile wewe unamficha huyu. Hata yeye alisema nina kitu. Alisema nina tumbo." Sasa alimtazama Joan, na pembe za mdomo wake zilikuwa zinacheza. "Ulimpa mtoto jina langu ukafikiri atachukua jina peke yake?"

Walicheka mpaka Linah akaja mlangoni kuona kuna nini, akafukuzwa kwa ganda la kiazi. Joan alipanguza macho kwa mkono uliojaa udongo.

"Na umemwambia Nyakio?"

"Siku ile ile. Nikamwambia, mimi kumi na tatu, mama yako nafikiri tisa, wewe chagua mahali hapo katikati. Unajua alinijibu nini? Aliniambia atachagua kumi na moja, ndiyo asiaibishe mtu yeyote."

Mama yake hakusema pole. Katika nyumba ile pole ni ya aliyefiwa na ya aliyebeba mzigo. Lakini alipopakua chakula alimpa Joan paja la kuku, ambalo siku zote lilikuwa la kaka yake, na akakaa kumtazama akila.

Baada ya chakula Nyakio alimfuata mama yake nje. Alikuwa ameuona ule mfuko mtupu.

"Mami, ukinichukua leo, nani atapiga godoro ya Linah? Hajui kupiga. Anapiga kama anapapasa paka."

"Unataka kubaki?"

"Juzi ilikuwa kavu. Na Jumatano. Shosho hakusema kitu, ni mimi nilimwambia." Akayatazama magodoro. "Na hata isipokuwa kavu, si yote yanatoka tu nje?"

Joan akaukunja mfuko mara mbili, mara nne, akautia kwenye mkoba. "Nimekuja kusalimia tu," akasema. Mtoto alikuwa amekwisha kuondoka.

Jua lilikuwa bado lipo. Joan akaketi kwenye ukingo wa godoro kubwa, pale kwenye benchi, angojee kidogo kabla ya kushuka stendi. Lilikuwa na joto kama mkate. Mbele yake barabara ile ilipanda na kushuka mpaka kiwandani, na watu walipita juu yake na shughuli zao, mwanamke na kuni, mwanamume na baiskeli, na hakuna aliyemtazama. Akaegemea. Akajinyoosha, viatu akiviacha chini. Alisikia Quincy akitangaza kwamba amempata kunguni, na Nyakio akimwambia huyo ni mende, na mama yake akiwaambia wote wanyamaze kuna mtu amelala.

Mawingu ya Mau yalipoanza kuteremka, watoto waliyabeba magodoro kuyarudisha ndani, wakipishana mlangoni kwa vicheko. Walirudisha matatu. Kwa la nne mama yake alitoka na blanketi, akalitandaza juu ya Joan, akaivuta stuli karibu, akaketi kuangalia mvua iko umbali gani.