Miezi Mitano ya Kusimama

Siku yangu ya kwanza ya karate nilivaa mkanda mweusi. Sikuuiba, wala sikukusudia kumdanganya mtu. Niliununua Ngamiani, kwenye rundo la mitumba, pamoja na koti na suruali yake nyeupe, vyote vimefungwa bunda moja. Ndani ya bunda mlikuwa na mikanda miwili, mweupe na mweusi. Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi tukiona nguo tunatazama mshono kwanza. Mweusi ulikuwa umepigwa mistari ya uzi kutoka mwanzo hadi mwisho, umeshiba, hata ukiukunja unagoma. Mweupe ulikuwa umelegea, tena ni wa kufuliwa kila siku. Nikaukata nikamtilia jirani mkono wa kikapu.

Kidato cha nne nilimaliza, jamani. Nilisoma mpaka majina ya pingili za uti wa mgongo. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba ile rangi ya mkanda ni cheo, na kwamba mtu huutolea jasho miaka na miaka.

Nikaingia ukumbini nimejifunga vizuri, fundo mbele. Watu kumi na kitu waliokuwa wakifagia wakaacha fagio, wakasimama wima, wakaniinamia. Nami nikaweka mkono kifuani nikawainamia, huku najisemea: kumbe watu wa Makorora wana adabu hivi, na mimi nimejifungia ndani miaka yote hii! Mwalimu wao, mzee mwembamba mstaafu wa bandari, akaja naye akainama. Akaniweka mbele ya mstari.

"Karibu sana, mgeni wetu. Hebu tupashe moto viungo."

Sikuona ajabu. Mgeni hapa kwetu hupewa heshima. Harusini hata usiyemjua anakukatia pande la nyama. Nikawaongoza kwa mazoezi niliyoyajua, yale ya shule ya msingi: mikono juu, mikono kando, ruka na kupiga makofi, gusa vidole vya miguu. Wakafuata kwa makini bila hata mmoja kutabasamu. Baadaye niliambiwa walidhani ni mtindo wa chuo kingine ambao haujafika Tanga.

Tulipofika kwenye vidole vya miguu, mgongo wangu ukakataa kurudi. Nikabaki nimeinama. Nao wakabaki wameinama. Tukakaa hivyo muda, kila mtu akitazama miguu yake, mpaka mwalimu akaja akachutama ili anione uso.

"Mgeni, tunasubiri nini?"

"Mgongo, mwalimu. Umejifunga."

Wakaninyoosha taratibu, wawili huku na wawili huku. Mwalimu akanisogeza pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mkanda huu alikupa nani?"

"Muuza mitumba wa Ngamiani."

Hakucheka. Nadhani angecheka ningepona haraka zaidi. Alinifungua ule mkanda, akaukunja, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha cheti cha mwenzake alichokiokota. "Uweke nyumbani," akasema. "Suruali funga kwa kamba. Na kesho ukija, fagio liko nyuma ya mlango."

Hapo mtu mwenye akili zake angeuliza: wewe, mtu wa kukaa ndani, ambaye hata kununua uzi unatuma, karate ulikuwa unaitafutia nini?

Nilikuwa namtafutia mama miguu.

Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Akili yake nzima, ulimi wake mzito kidogo lakini bado unakata. Kila asubuhi lazima ainuliwe kitandani, apelekwe bafuni uani, aogeshwe, arudishwe akae barazani asikie habari za mtaa. Kuogesha ni kazi ya jirani yetu, mwanamke wa Kibondei wa nyumba ya pili, aliyejitwika shughuli hiyo bila kuombwa, maana mimi ni mtoto wa kiume na mama ana haya yake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumbeba hatua kumi na moja kutoka kitandani hadi kwenye stuli ya bafuni, kisha nitoke.

Nayo hiyo moja ikanishinda. Nilikuwa naingiza mikono makwapani mwake, nainama, navuta kama mtu anayetoa gunia kwenye lori. Asubuhi moja kiuno kikalia, nikaanguka chini ya kitanda nikabaki natazama dari. Mama akachungulia kutoka juu.

"Sasa nani amwinue mwenziwe?" akauliza.

Miezi miwili jirani akawa anamfuta kwa kitambaa pale pale kitandani. Mgongo wa mama ukaanza kuwa mwekundu, dalili ya vidonda. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Dar es Salaam, akapiga simu. Alisema akija baada ya Idi akamkuta mama bado anaogeshwa kitandani, atamchukua. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa na nafasi, alikuwa na mke muuguzi. Tatizo ni kwamba mama hataki.

"Ghorofa ya tatu," aliniambia simu ilipokatika. "Nikae huko kama nguo iliyoanikwa ikasahauliwa. Hapa nikikohoa watu watatu wananipa pole dirishani. Usiwaache wanipeleke, mwanangu."

Daktari wa viungo hospitalini aliniambia dawa ya mgongo wangu ni kuimarisha miguu. Akapendekeza matembezi ya kila siku hadi Raskazone. Nikapiga hesabu ya njia, nikaona ni safari. Karate ilikuwa mtaa wa tatu nyuma ya nyumba. Nilipomuuliza kama inafaa, daktari alicheka, akasema inafaa mradi wasinirushe.

Basi hivyo ndivyo nilivyoanza, na kamba ya chandarua kiunoni. Jirani alipopata habari ya mkanda mweusi alifurahi kuliko mtu aliyejaliwa mjukuu. Kila nikipita ananiinamia kutoka jikoni kwake, mwiko mkononi: "Mgeni wetu, tupashe moto viungo!" Mtaa mzima ukajifunza kuniinamia. Muuza genge aliniinamia. Hata imamu, naapa, alipindisha shingo kidogo.

Nilidhani mwezi wa kwanza tutapiga ngumi, wa pili mateke, wa tatu nitavunja mbao. Mwezi wa kwanza nilifagia. Nilifagia, nikapiga deki kwa kitambaa kibichi nikisukuma kwa mikono miwili huku nimechutama, kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu tunapiga magoti, tunakaa kimya, tunainama, na ndipo somo linaanza. Na somo lenyewe lilikuwa kusimama.

Mnaweza kucheka. Nilijua kusimama tangu nina mwaka mmoja. Lakini kuna mkao wao wanauita wa mpanda farasi: miguu mbali, magoti nje, mgongo wima, makalio chini kama unayetaka kukaa ukaghairi. Mimi farasi nimemwona kwenye picha. Hapa kwetu tunapanda baiskeli. Dakika ya kwanza unajiona shujaa. Ya pili mapaja yanawaka. Ya tatu unaanza kuwakumbuka uliowakosea. Mwalimu anapita nyuma, anakugusa kiuno kwa vidole viwili, anakushusha tena. Hapigi kelele. Anasema "chini" kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Tukitoka hapo tunatembea. Nako kutembea ni somo: unashuka, unatelezesha mguu, na kichwa chako kisipande wala kushuka. Mwalimu anaweka kiganja juu ya utosi wako, anakwenda na wewe ukumbi mzima, na ole wako kichwa kikipiga kiganja. Utosi wangu ulikuwa unadunda kama mpira.

Mwezi wa tatu uvumilivu ukaniisha. "Mwalimu," nikasema, "lini tutapigana?"

"Una ugomvi na nani?"

"Sina ugomvi na mtu."

"Basi haraka ya nini?"

Nikarudi kwenye mstari wangu, nyuma kabisa, nyuma ya binti wa darasa la sita aliyekuwa akinisahihisha mguu wa kushoto.

Nyumbani nilifanya mazoezi chumbani kwa mama, kwa kuwa ndicho chumba chenye nafasi. Nilihesabu kwa Kijapani kama ukumbini, ichi, ni, san, na mwanzoni mama aliingiwa na wasiwasi.

"Unasoma nini hicho? Umekwenda kwa mganga?"

"Nahesabu, mama."

"Kwa lugha ya ruhani gani?"

Nilipomweleza akataka kujifunza. Ulimi wake ulikuwa unahitaji kazi, na daktari alishasema azungumze sana. Ndani ya wiki mbili akawa yeye ndiye mwenye kuhesabu, mimi nimechutama mbele ya kitanda natetemeka. Na alikuwa mwizi, mama yangu. Akifika nane anasimama, anaomba maji, anauliza bei ya nazi, anasimulia harusi ya mwaka ule, mimi bado niko chini. Kisha anasema, "Nilikuwa wapi? Tano?"

Siku ambayo mambo yalibadilika haikuwa na sherehe yoyote. Ilikuwa asubuhi kama nyingine, nimesimama kando ya kitanda kujaribu tena kumbeba, naogopa kiuno. Badala ya kuinama, miguu ikajiachia yenyewe: magoti nje, mgongo wima, nikashuka mpaka kifua changu kikawa sawa na chake. Nikapitisha mkono mmoja mgongoni mwake na mwingine chini ya magoti yake. Akanizungushia shingoni mkono wake mzima. Nikatoa pumzi kama tunavyofundishwa, nikapanda kwa mapaja. Kiuno hakikusema kitu. Nikavuka chumba, nikavuka ukumbi wa nyumba, nikashuka kidaraja cha uani, nikitelezesha miguu na kuzuia kichwa. Nilipomweka kwenye stuli akanitazama.

"Leo sikutikisika," akasema.

Nikatoka bafuni haraka, nikasimama nyuma ya nyumba nikijifanya naangalia kamba za nguo.

Nilimsimulia mwalimu jioni ile. Nilitegemea aseme neno la maana, la kuandika ukutani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, kisha akatazama chini. "Mguu wa kushoto," akasema, "bado unaufungua sana." Ndipo nikajua yule mzee hakuwa akitufundisha kumpiga mtu yeyote. Alikuwa anatufundisha kuwa na miguu, na kila mmoja aende nayo kwao akaone ya nini. Ngumi zipo, nami siku hizi napiga chache. Lakini zinakuja mwisho wa somo, kama kahawa baada ya pilau.

Kaka alikuja Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Alikuja na gari la kukodi, na nyuma ameweka godoro jipya, ili mama alale njiani. Nikaliona lile godoro, nikajua amekuja kumchukua. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akaniangalia kamba kiunoni maana nilikuwa nimetoka mazoezini, akaamua kutouliza.

"Aoge kwanza, tuondoke kabla ya jua kuwa kali," akasema.

"Mama anaoga bafuni siku hizi," nikamwambia.

"Nani anambeba?"

"Mimi."

Akacheka kidogo, kicheko cha kaka. "Wewe uliyelala chini ya kitanda? Acha, nitambeba mwenyewe."

Kaka yangu ana nguvu, si mchezo, ananyanyua vyuma. Akaingia, akainama kutoka kiunoni, akaingiza mikono makwapani.

"Kwapa langu, we mtoto!" mama akapiga kelele. "Mimi si gunia!"

Alimwinua nusu, akakwama. Mgongo wake umepinda, miguu imesimama karibu karibu, na mama ananing'inia katikati, hajafika popote. Jirani alikuwa tayari bafuni na maji ya moto. Akatoa kichwa kuona kelele za nini. Kaka akamrudisha mama kitandani, akashika kiuno. Niliijua ile sura yake. Niliwahi kuwa nayo mimi.

Sikusema neno, na kwa mtu wa maneno kama mimi hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote ya miezi mitano. Nikasogea, nikashuka, mama akanikumbatia shingo, tukapanda. Hatua kumi na moja. Kaka akafuata nyuma, nasikia viatu vyake. Nikamweka mama kwenye stuli, nikamtengenezea kanga mabegani, nikarudi nyuma.

Kaka akachuchumaa mbele ya mama. Wote, pamoja na mimi, tulikuwa tumepanga na kupangua kwa simu, na sidhani kama hata mmoja wetu alikuwa amemuuliza mwenyewe uso kwa uso.

"Mama, unataka nini?"

"Nataka kuoga," mama akasema. "Halafu nataka kukaa barazani kwangu. Wewe utakuja kila ukipata nafasi, ulete na wajukuu."

Kaka akainuka taratibu, mkono bado kiunoni.

"Basi godoro nitalishusha," akasema. "La kwake limechoka." Akatoka kwenda garini.

Nikabaki mlangoni pa bafu, miguu mbali, magoti yamefunguka, kifua mbele, nangoja mtu aseme jambo. Jirani alikuwa ameshika kata ya maji mkono mmoja na dodoki mkono wa pili. Alinitazama kuanzia unyayoni hadi utosini.

"We fundi, mama yako haendi Dar kwa sababu hataki, si kwa sababu ya hayo machuchumao yako. Toka mlangoni, maji yanapoa."