Futi Sitini, Mita Sitini

Mwaka wangu wa kwanza Tabora nilipanga chumba Gongoni. Sikuwa na ndugu mjini, na ofisini nilikuwa mhandisi wa maji peke yangu. Jioni nilijipikia wali kidogo, nikala nikisoma makaratasi ya kazi.

Karatasi moja ilihusu kijiji huko Sikonge: maji yapandishwe kutoka kisimani hadi tangi la zahanati. Aliyeiandika zamani aliweka bomba la inchi mbili, tangi la futi kumi, kisha mpando, yaani kimo cha kupandisha maji, "60", basi, bila kusema ni futi au mita. Nikahesabu futi sitini, kama lile tangi, yaani mita kumi na nane na kidogo. Nikaagiza pampu inayoweza kufikisha maji mita thelathini juu, nikaona imezidi. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha hesabu ile.

Siku ya kuiwasha, akina mama walipanga ndoo chini ya tangi. Pampu ilinguruma saa nzima. Tangi likabaki kavu. Nikashuka peke yangu porini nikifuata bomba, nikilegeza maungio moja moja. Ya juu yalitoa hewa tu. Katikati ya mteremko, moja likanirushia maji kifuani. Nguvu ya pampu ilikuwa imeishia hapo. Mpando ulikuwa wa mita sitini, ila mteremko ni mrefu, unapanda taratibu, na miti inauficha.

Nilirudi juu nimelowa. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo, alikuwa bado amesimama.

"Kosa ni langu, mama," nikamwambia. "Nilidhani ni futi, kumbe ni mita."

"Hukuuliza? Sisi kilima hiki tunakipanda na ndoo kichwani kila siku."

"Sikuuliza."

"Basi ukirudi tutapima wote, mwanangu." Akabeba ndoo yake tupu akaondoka. Wengine waliondoka bila kuniaga.

Wiki iliyofuata tulipima, yeye akinishikia ufito wenye alama. Pampu kubwa ilipofika, maji yalipanda. Watu walisongamana bombani wakicheka, wakisahau kabisa kwamba nipo. Mama yule peke yake ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye pikipiki, akanipa chupa ya asali.

Nilipofika mjini nilimpigia mama yangu nimsimulie. Akauliza kama nimekula. Kabla sijajibu mtandao ukakatika, nikabaki nimeishika simu sikioni.