Oksijeni Haiiti Watu Sita

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipokuwa kidato cha pili, nilirudi nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa, na daftari la kemia kwapani na kichwa kizito kama gunia la mchele lililoloa. Mama akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia, "Atomi." Akauliza atomi ni nini. Nikasema ni kitu kidogo mno, hakionekani kwa macho. Mama akaacha kuchambua mchele, akanitazama.

"Sasa kama hakionekani, wewe umejifunzaje?"

Na nikwambie kweli, jibu lake mpaka leo nalitafuta.

Nijitambulishe kidogo, usije ukadhani unanasihiwa na profesa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka kwangu hadi Bondeni, mtaa wa jirani, na hata hiyo huanza kuifikiria tangu jana yake. Elimu yangu ni kidato cha nne, basi. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na hata mtu asiyetoka barazani kuna machache humpitia mbele.

Ijumaa ile kizunguzungu changu kilikuwa na sababu. Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Mutua, mtu wa Machakos aliyeletwa Mombasa na kazi, alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu atatuita ubaoni mmoja mmoja. Asiyeweza kueleza valensi, kidato cha tatu ataiaga kemia na kuandikishwa somo la kilimo. Kilimo! Mimi, mtoto wa kisiwani, ambaye mchicha nimeujua ukiwa umeshafungwa mafungu! Isitoshe, mama alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa mtaalamu wa dawa. Wengine walikuwa wameanza kunionyesha vipele vyao.

Nikupe nilichokuwa nimeandika daftarini, maana pengine na lako limeandikwa hayo hayo. Atomi ina kiini katikati. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji chanya, na nyutroni, ambazo hazina chaji yoyote, zimekaa tu kama mimi barazani. Nje ya kiini ziko elektroni, zenye chaji hasi, zimepangwa tabaka kwa tabaka. Tabaka la kwanza huchukua mbili tu. La pili huchukua nane. La tatu nalo tulihesabu nane, kwa zile atomi ishirini za mwanzo tulizofundishwa. Na katika atomi isiyo na chaji, elektroni ni nyingi sawasawa na protoni. Mpaka hapo nilikuwa salama.

Fitina ilianza kwenye valensi, ile idadi inayoonyesha jinsi atomi inavyoungana na nyingine.

Mimi nilikuwa na kanuni yangu: tazama tabaka la nje, hesabu elektroni zilizomo, taja. Mwalimu alipouliza valensi ya sodiamu, nikaona nje iko moja, nikasema moja. Sawa. Magnesiamu, mbili. Sawa. Alumini, tatu. Sawa. Nikakunja mikono kama mtu aliyemaliza dunia. Akauliza oksijeni. Nikaona nje ziko sita, nikasema sita.

"Hapana. Mbili."

Klorini? Ziko saba. Nikasema saba.

"Hapana. Moja."

Mwanangu, niliona nimeonewa. Kanuni ile ile iliyonipa sifa ndiyo sasa inaniaibisha! Nilidhani mwalimu amebadilisha sheria katikati ya mchezo kwa sababu nilikunja mikono. Lakini kuuliza sikuuliza. Niliogopa kuchekwa. Mficha uchi hazai, wamesema wakubwa, nami nilijifunika gubigubi.

Jumapili kulikuwa na arusi mtaani, ya kijana wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Kichochoro kizima kilitandikwa majamvi, turubali juu, na baada ya sala ya adhuhuri wanaume wakaanza kuitwa kula. Siku hizo yalikuwako masinia makubwa ya kukaliwa na watu wanane, si haya ya leo ya watu wanne wanaoogopana. Na mwenye amri juu ya masinia alikuwa Ami Twaha, mzee wa mtaa, aliyekuwa amestaafu kazi ya kupakua meli Kilindini lakini sauti yake haikustaafu. Amri yake ilikuwa moja: sinia haliguswi mpaka litimie. Mtu akinyoosha mkono kabla ya wa nane kukaa, Ami Twaha alimtazama mpaka mkono ukarudi wenyewe.

Yeye alisimama mdomoni mwa kichochoro, pale wageni walipokuwa wakinawishwa. Mimi alinisimamisha ndani, kati ya masinia, nimpigie kelele ya idadi ya kuingiza. Kazi nyepesi. Hata kuku angeiweza, lau kuku angekubali kukaa karibu na pilau.

Nikatazama sinia la kwanza. Nikahesabu waliokaa. Nikapaza sauti: "Sita!"

Ami Twaha akaingiza watu sita. Wawili wakakaa. Wanne wakabaki wima, mikono imeshanawishwa, imeinuliwa juu isiguse kitu, maji yanatiririka mpaka viwikoni. Na mmoja wao, mwanangu, alikuwa babake bibi arusi. Mtu aliyetoa binti yake asubuhi ile, amesimama katikati ya majamvi kama kinara cha taa, hana pa kukaa! Watu wa upande wake wakaanza kutazamana. Mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, "Basi huku ndiko tulikomleta mtoto wetu?"

Ami Twaha akaja mbio, akamwomba radhi yule mzee, akamwinua nduguye mwenyewe na kumkalisha mgeni mahali pake. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe! Umeita watu sita waje wakalie wapi? Kichwani mwako?"

"Ami, nimehesabu. Wako sita."

"Nani amekuuliza waliokaa? Waliokaa nawaona, wana kanzu, wana kofia, hawajajificha! Mimi nataka unambie sinia lakosa nini. Wako sita, lakosa wangapi?"

"Wawili, Ami."

"Basi sema wawili! Mtoto wa skuli wewe. Wasoma nini huko?"

"Kemia, Ami."

"Kemia haina kuhesabu?"

Watu wakacheka, na mimi nikatamani majamvi yanimeze.

Nikaendelea, sasa kwa adabu. Penye saba naita mmoja. Penye watano naita watatu. Mambo yakaenda, mpaka yakabaki masinia mawili. Moja lina watu saba. Jingine lina mtu mmoja tu, Maalim Bakari wa chuo cha Kurani, amekaa peke yake mbele ya mlima wa pilau, haruhusiwi kuugusa, na uso wake waonyesha mtihani wa imani.

Nikapaza sauti: "Huku mmoja! Na huku saba!"

"Wageni wamekwisha!" akajibu Ami Twaha.

"Sasa hawa saba nikawatafute wapi, Ami? Niende Mwembe Tayari nikawaombe abiria wa mabasi?"

Akaja, akatikisa kichwa. "Wewe wapenda taabu. Huyu mmoja mwinue, akae pale penye saba. Kuwatafuta saba na kumwinua mmoja, lipi jepesi?"

Maalim Bakari hakungoja kuinuliwa. Akapiga hatua tatu, akakaa, sinia likatimia, na lile lililobaki tupu likarudi jikoni. Wote wakala.

Ungedhani hapo akili ilinifunguka. Wapi! Mimi nami nilikula pilau, nikaenda kulala mchana, nikaamka nimechanganyikiwa vile vile. Kuna watu akili yao huchelewa kufika kama barua.

Ilifika Jumatatu, mbele ya ubao, chaki mkononi. Mwalimu Mutua akasema, "Oksijeni." Nikachora kiini, nikachora elektroni mbili tabaka la ndani, sita tabaka la nje. Mdomo ukafunguka kusema sita. Hapo nikaviona viwiko vya babake bibi arusi vikidondosha maji.

"Mbili, mwalimu. Sita zimeshakaa. Tabaka linakosa mbili litimie nane."

Akaniangalia. "Klorini."

"Ziko saba. Inakosa moja."

"Sodiamu."

"Hiyo iko moja peke yake nje, mwalimu. Kutafuta saba ni taabu. Iondoke, ihamie kwa klorini. Zote mbili zitakuwa zimetimia, maana tabaka la ndani la sodiamu lina nane zake tayari."

"Neoni?"

"Ziko nane. Haiiti mtu, haitoi mtu. Sifuri."

Nikaanza kujisikia, na ndipo akauliza, "Kaboni."

Nikachora. Mbili ndani, nne nje. Nikakwama. Nne zinakosekana, nne zipo. Nikihamisha, nahamisha nne. Nikiita, naita nne. Upande upi mwepesi? Nikapima huku, nikapima kule. Nyuma yangu mwanafunzi mmoja akanong'ona, "Kilimo chakungoja, yakhe," na wengine wakaguna. Ningeweza kusema "nne" na kunyamaza, na jibu lingekuwa sawa. Lakini sikujua kwa nini ni sawa, na nilikwisha kuona yanayompata mtu anayetaja idadi asiyoielewa.

"Mwalimu," nikasema, "valensi ni nne. Lakini sijui kama zinatolewa au zinaitwa. Hapo ndipo ninapokosa."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Mutua hakucheka. Akachukua chaki.

"Hazitolewi wala haziitwi. Zinashirikiwa. Kaboni huweka nne zake kati, na haidrojeni nne zikaweka moja moja, kila upande ukahesabu za wote. Ndiyo gesi ya methani." Akafuta mikono. "Wote waliokuja ubaoni leo wamenitajia wanachokijua. Wewe umenionyesha mahali pa kukufundisha. Kidato cha tatu utakuja kwangu."

Nikarudi kwenye dawati nisijue nimesifiwa au nimesimangwa. Ila kemia ilibaki yangu.

Usidhani tangu hapo niling'ara. Mfano wa masinia una mwisho wake: Maalim Bakari alipohama, masinia mawili hayakuvutana, lakini sodiamu ikishatoa elektroni hubaki chanya, klorini ikawa hasi, zikavutana, na mvutano huo ndio chumvi unayoitia mchuzini. Kisha wakaniletea chuma, chenye valensi mbili mahali na tatu mahali pengine, nikachanganyikiwa upya. Mtaalamu wa dawa sikuwa. Niliishia kuuza rangi za nyumba. Lakini somo nililimaliza, nikafaulu kiasi cha mama kunyamaza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unapotafuta valensi, usiishie kuhesabu zilizopo nje. Uliza ni njia ipi nyepesi ya tabaka kutimia: kutoa, kupokea, au kushirikiana. Idadi hiyo ndiyo valensi. Na unapojitazama wewe mwenyewe darasani, fanya vivyo hivyo. Ukishindwa, usimwambie mwalimu "sielewi kitu", maana hapo umeita watu bila idadi. Sema, "Nimeelewa hili na hili, nakosa hili." Mtaka cha mvunguni sharuti ainame, na kicheko cha wenzio hakidumu hata kengele ya mapumziko.

Mola akukunjulie kifua, akupe mwalimu mwenye subira na ulimi usioona haya kuuliza. Akutimizie unachokikosa, na unachokijua akijalie kiwafae wengine. Amin.