Baba alinikana kwenye rubisi ya kunishangilia kwa sababu nilishika mkia

Admin, ficha jina langu na la kijiji chetu, ingawa watu wa kata yetu ya Nyaishozi watanijua tu.

Nina miaka 24, sijaolewa, ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Mwaka jana nilikwenda na timu ya taifa kwenye michezo ya kimataifa, ile yenye kila kitu kuanzia riadha mpaka kuogelea. Msinionee huruma ya bure, tulikuwa wabovu. Mabondia wetu walipigwa mapema wakapata nafasi ya kuzunguka madukani. Muogeleaji wetu alifika wenzake wameshajifuta maji. Mimi kwenye mita elfu kumi nilizungukwa, wenzangu wakanipita mzunguko mzima, nikamaliza wa mwisho, mtangazaji akacheka hewani.

Huku nyumbani baba alikuwa amefukia ndizi na kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, mtumbwi mzima, akapiga hesabu iive siku ile ile ya mbio zangu. Aliita ukoo na majirani, televisheni ikawekwa uani, mama akawa anazungusha kibuyu. Kabla sijaanza kukimbia baba alijipiga kifua, "Miguu ile ni yangu! Damu yangu ile!" Nilipozungukwa, jirani mmoja akamwambia, "Mzee, binti yako anakimbia au anaokota senene?" Watu wakaangua kicheko. Baba akasimama, akasema kwa sauti, "Yule si damu yangu. Muulizeni mama yake alikuja hapa na mimba ya nani."

Mama aliweka kibuyu chini akaondoka na nguo alizovaa. Watu wakaendelea kunywa. Haya yote niliyaona kwenye simu, nikiwa bado sijabandua namba kifuani. Binamu yangu alirekodi akanitumia, na hakunitumia mimi peke yangu. Mungu amlipe anavyojua.

Niliporudi, pale stendi ya Kayanga bodaboda wakanipokea, "Dada panda, ukitembea utafika keshokutwa." Nyumbani nikamkuta baba amekaa barazani. Nikapiga magoti, "Shikamoo baba." Akaniangalia akajibu, "Marahaba, mgeni." Sikuingia hata ndani. Niligeuza na begi langu nikamfuata mama kwa mjomba, Kyerwa.

Nilitaka mama aniambie baba alikuwa amelewa. Akasema, "Waitu, mwanangu, ni kweli. Alijua tangu siku ya kwanza, na alimwapia kaka yangu kwamba neno hilo halitatoka mdomoni mwake." Mwanamume aliyenizaa alishavuka kurudi Rwanda kabla sijazaliwa. Nilimchukia baba, nikamchukia mama kidogo, kisha nikarudi mazoezini maana sikuwa na kingine.

Sasa nimechaguliwa tena timu ya taifa. Habari zilipofika Nyaishozi, Jumapili iliyopita baba akaja hapa kwa mjomba na kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, kama anayekuja kuomba radhi kwa heshima. Akamwambia mama, "Pombe ilinisemesha. Rudi kwako, migomba inakulilia." Mama akalia, akaipokea kahawa, akatafuna. Yakaisha hapo.

Wakati wa kuondoka niliambiwa nimsindikize mpaka barabarani. Tulipofika kwenye kona, akabadilika sura. Akasema, "Ndizi nitafukia tena na watu nitawaita wale wale. Ukileta medali, mama yako anabaki. Ukiniaibisha tena, ataondoka kwa miguu mbele yao, na safari hii simfuati." Nikamwambia, "Baba, mimi nikijitahidi sana ni kumi bora. Medali hiyo sina." Akasema, "Basi itafute," akapanda bodaboda.

Mama hajui. Amekunja vitenge vyake, amewaaga majirani, kuku wake amempa wifi yake. Asubuhi hii anaimba nyimbo za kanisani jikoni, na nilikuwa sijamsikia akiimba tangu mwaka jana. Anaondoka Jumamosi, mimi naingia kambini Jumatatu.

Msiniambie nimwamini Mungu nitashinda. Muda wangu naujua na wa wale wasichana wengine naujua. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimwambie leo nimvunje moyo mimi mwenyewe, au nimwache arudi, akavunjwe na baba mbele ya watu wakati mimi nakimbia?