Nilivyomsalimia Kangaruu

Shule niliiacha mapema, lakini adabu naijua. Jumamosi nilikwenda bustani ya wanyama hapa Johannesburg na Wakenya wa Sandton, mtaa wa kitajiri, wazazi wa kijana anayemposa binti yangu. Nilitaka waone kwamba ana baba.

Kangaruu wa kijivu walikula mikononi mwetu. Nikashangaa mbona yule mwekundu, jitu la nyika kavu za Australia, amejitenga. Nikamfuata. Akasimama wima, kifua mbele.

“Mnaona? Hata mnyama anamwinukia mzee!”

Nikavua kofia, nikainama tugusane vipaji vya uso, salamu yetu wanaume wa Kongo.

“Baba, rudi!” akapaza sauti mlinzi. “Akisimama hivyo anataka kupigana!”

Teke likanibwaga chali. Suruali niliyoishona mwenyewe ikapasuka hadi kiunoni. Mama wa kijana akanifunika shali yake.

“Pole, mkwe. Salamu imepokelewa.”