Jamvi la msiba tulilolitandika kwenye mfereji wa dhahabu

Wakuu, salaam kwenu.

Naona vijana mnabishana humu, mfereji upi wa kuoshea dhahabu ni bora, wa bati au wa mbao. Nami nina yangu ya zamani, na wallahi sitii chumvi. Ila nikimaliza mnisaidie, maana hadi leo sijaelewa.

Ilikuwa enzi za ujamaa, ndani ndani huko upande wa Miteja, Kilwa. Tulishaambiwa tuhamie kijiji kipya, barabarani. Baba hakutaka kabisa. Mikorosho yake ilikuwa pale, na kaburi la mama lilikuwa pale.

Akapita mtu wa kupima mawe, akatuonesha vitu vinavyong'aa kwenye kijito chetu. Baba akashika hilo hilo: dhahabu ikipatikana, serikali italeta kijiji hapa hapa.

Tukaingia kazini mimi na yeye, na kati yetu hakuna aliyeijua kazi hiyo.

Mbao hatukuwa nazo. Tukachukua mtumbwi chakavu, tukaukata ncha zote mbili ili maji yapite. Tukiuinamisha sana, maji yanakwenda spidi na kusomba mchanga wote. Tukiulaza, mchanga unajaa. Tulihangaika nao wee!

Chini ilitakiwa kitu cha kunasa dhahabu. Magunia yalikuwa adimu (waulizeni wa enzi zile). Baba akaazima jamvi la msiba, lile la mtaa mzima, akalitandika na kulikandamiza kwa vijiti.

Tukaosha mchanga hadi jamvi likawa zito. Tukaenda kula kwanza, tukirudi tulisuuzie kwenye beseni tuone.

Kumbe huku nyuma jirani kafariki. Shangazi Somoe, dada yake baba, kaja kulifuata jamvi. Watu wa pwani mnajua, jamvi la msiba halinyimwi, wala halipelekwi chafu.

Tulimkuta kijitoni, kashalipiga kwenye jiwe na kulisuuza likatakata.

"Kaka, mmelifanya nini jamvi la watu? Matope matupu!"

Nilitamani kulia. Nikamtazama baba, nikajua leo atafoka.

"Ahsante, dada," akasema. "Lipeleke, watu wasikae chini."

Basi! Hata matanga hayajaondolewa, lori likaja kutuhamisha.

Kwa nini hakukasirika? Alijua hamna kitu? Au aliogopa kuona jamvi tupu? Sikuwahi kumuuliza.

Miaka mingi baadaye alifariki, huko huko kijiji kipya. Jamvi likatandikwa lile lile. Nimekaa napokea pole, najikuta kucha zinapekua kwenye ukili, ile misuko ya jamvi. Watu wakadhani ni uchungu tu.

Funzo, vijana: bati au mbao, sawa tu. Ila unachokitandika ndani, waambie wa nyumbani ni cha kazi gani.

Mtaa uliponunua mikeka mipya, niliomba lile kuukuu wakanipa. Ninalo ndani, limekunjwa.

Wakuu, nilikung'utie kwenye beseni, au niliache hivyo hivyo? Nishaurini.